Dirisha la Kushoto Ukitoka Migori

Akeyo mwanangu,

Nimempa mama yako barua hii akupe mkishafika uwanja wa ndege wa Lichota. Isome pale kwenye benchi kabla hamjaitwa. Ukishapanda na kuketi itakuwa haina kazi tena, kwa maana yaliyomo ni ya mtu ambaye bado amesimama na mzigo mkononi.

Mambo ya pasipoti, ya kutoshika mzigo wa mtu usiyemjua, ya kupiga simu ukifika Ghuba, mama yako ameyasema wiki nzima mpaka kuku wa hapa Masara wanayajua. Kazi ya kutunza wazee umeisomea na cheti unacho, siwezi kukufundisha namna ya kumgeuza mzee kitandani. Mimi nakuandikia kuhusu kiti.

Sokoni wananiita Rubani. Wananiita kwa kunicheka, hilo nalijua, lakini jina limenikalia na mimi nimelikalia. Shule niliachia darasa la saba, na mwalimu wangu mwenyewe alimwambia nyanya yako kwamba kichwa cha huyu kimejaa, hakina tena mahali pa kuweka darasa la nane. Kwa hivyo ninayokuambia hayakutoka kitabuni. Nimepanda ndege kwenda na kurudi, na kutoka Ntimaru hadi Mbita sijaona mwanamume wa rika langu anayeweza kukuambia habari ya dirisha kama mimi.

Unakumbuka ule mwaka uliofuata kifo cha baba yako, krasha ya tajiri wa machimbo, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, ikavunjika beringi. Beringi ya aina ile haikuwa Migori wala Kisii. Tajiri akaja nyumbani na viatu vya tope, akasema, "Odongo, panda ndege ya Nairobi asubuhi, siku ya pili urudi nayo. Hiyo mashine ikilala na mimi nalala mgonjwa." Alinitafuta mimi kwa sababu hakuna mwingine hapa anayeijua beringi kwa kuipapasa tu. Hiyo si majivuno, uliza mtu yeyote.

Basi nilikuwa wa kwanza kupanda, na nikafanya kosa la kwanza. Nilikimbilia kiti cha katikati, nikidhani katikati ndiko wanakokaa wakubwa kama kwenye meza ya harusi. Kumbe katikati ndipo injini ilipo. Ndege hizi za huku mabawa yake yako juu ya madirisha, kwa hivyo bawa halikuzibi, lakini chini ya bawa inaning'inia injini, na chini ya injini gurudumu. Mimi safari nzima nilitazama gurudumu. Lilipokunjwa likaingia ndani, nikatazama mlango wa gurudumu. Niliporudi nikasimulia Ziwa lote na visiwa vyake, mpaka samaki nikasema niliwaona wakigeuka. Niliyoyaona ni mabati na ribiti.

Kwa hivyo wewe nenda nyuma, viti vya mwisho. Wenye suti hawapendi nyuma, wanataka kushuka mbio, utakuta kumebaki wazi. Tiketi za huku hazina namba ya kiti, anayewahi ndiye anayechagua. Na kabla hujaketi, inama uone kama dirisha liko sawa na bega lako. Kuna viti vilivyopangwa vibaya, unadhani umepata dirisha kumbe umepata ukuta.

Chini ya kioo utaona kitundu kidogo kama cha sindano. Usikiguse. Mimi nilikiziba kwa chingamu, nikijua nimeokoa watu. Yule binti wa kuhudumia akaja akaniinamia.

"Mzee, toa hiyo kitu."

"Madam, upepo unaingia. Nawasaidia."

"Hiyo kashimo ndio inafanya kioo isishike ukungu. Ukifunga hutaona nje."

"Kwani nimeona nini tangu tuondoke? Si ni gurudumu tu."

Akacheka, na watu wa nyuma wakacheka, nikatoa chingamu nikaitafuna tena ili wajue sikuaibika.

Ile ndege kubwa ya kutoka Nairobi usiipiganie dirisha. Itaondoka usiku, na dirisha la usiku ni kioo cha kujitazama. Hutaona chini, utajiona wewe mwenyewe na hilo paji la uso la baba yako. Kaa kando ya njia, ulale. Safari ya kuangalia ni hii moja tu, ya asubuhi, kutoka Migori mpaka ndege itue Kabunde kuchukua watu wa Homa Bay. Usishuke pale, wewe ngoja tu. Baada ya hapo ni Kisii na Bonde la Ufa, upande wowote utaona kitu cha kuona, na akili yako itakuwa imeshavuka.

Sasa ni kushoto au kulia. Hapo ndipo penye barua.

Ndege ikitoka Migori kwenda Homa Bay, upande wa kulia una jua, hilo ni baya, litakupiga machoni. Lakini una miwa ya Awendo imelala kama mkeka, na vilima vya Kisii vinatoka kwenye ukungu kimoja kimoja. Ukigeuka nyuma kidogo mara tu mnapopaa, utaona mpaka kule milima ya Wakuria. Ni upande mzuri. Haumdai mtu chochote.

Upande wa kushoto hauna jua machoni. Una bonde la Lambwe na pori la Ruma, na kule mwisho kabisa Ziwa, linang'aa kama sufuria iliyosuguliwa. Mtu yeyote anayejua ndege atakuambia kushoto ndiko kwenye mandhari. Ila kabla ya Lambwe na kabla ya Ziwa, mara tu magurudumu yanapokunjwa, kushoto kuna Masara.

Nisingeliandika jambo hili kama si maneno ya wiki iliyopita. Ulikuwa unakunja nguo. Mama yako akasema, "Jumapili twende dala, nyumbani Magunga, ukamuage baba yako."

Wewe hukuinua kichwa. "Kumuaga nani?"

"Baba yako, Akeyo."

"Mama, pale kuna yago. Mimi siwezi kuaga tunda."

Mama yako akaketi juu ya sanduku lako. Mimi nikaingilia kati, kama kawaida yangu. Nikasema yago lile si tunda la hivi hivi, nililichuma ukingoni mwa Ruma nyati wakiniangalia, mmoja akapiga kwato, nikamwambia subiri, mimi nina msiba. Niliona mama yako anataka kutabasamu. Wewe ukaweka nguo chini.

"Baba mdogo, kwako kila kitu ni hadithi. Baba alikuwa chini na nyinyi mkaacha kuchimba. Wewe ndiye ulisema basi."

Halafu ukanitazama usoni, jambo ambalo hulifanyi siku hizi, ukageuka haraka kama mtu aliyeshika chungu cha moto. Najua kwa nini. Uso huu tulipewa wawili. Opiyo alitangulia kuzaliwa, mimi Odongo nikafuata, na maisha yangu yote nimekuwa nikiwaambia watu kwamba nilimtuma mbele aangalie kama mvua inanyesha. Walikuwa wakicheka sana. Tangu atangulie mara ya pili, utani ule sijausema.

Huko uendako watakuuliza baba yako amezikwa wapi. Sijui utawajibu nini. Ukitaka kuwaeleza, waambie kwetu mtu akizama, au akimezwa na ardhi, na mwili usipatikane, hatumwachi hivyo bila kaburi. Tunachuma yago, lile tunda refu na zito la mvungunya, tunalilaza ndani ya jeneza, tunalililia, tunalizika pale mtu mwenyewe angezikwa. Hatufanyi hivyo kwa sababu hatujui tofauti ya mtu na tunda. Tunajua. Waambie hivyo.

Fundi wa majeneza pale Magunga alikuja na tepu yake, akauliza marehemu alikuwa na urefu gani. Watu wote walinigeukia mimi. Nikaenda nikasimama ukutani, akanipima kutoka utosini hadi kisiginoni, akanipima na mabega. Akasema, "Samahani, jirani," nikamwambia aongeze kidogo pale miguuni, Opiyo hakupenda kubanwa. Hiyo ni hadithi ambayo hujanisikia nikiisimulia sokoni.

Wewe hukuwepo siku shimo lilipoporomoka, ulikuwa shule ya bweni. Umepata habari vipande vipande kwa watu, kila mtu na kipande chake. Wacha nikupe changu, bila nyati.

Baba yako alikuwa chini peke yake, akichonga mwamba. Mimi nilikuwa juu kwenye winchi, kamba mikononi mwangu. Hakukuwa na mlio mkubwa kama watu wanavyosema. Ardhi ilikaa tu, kama mzee anavyoketi. Kamba ilikaza mara moja, halafu ikalegea. Nilivuta. Ilikuja nyepesi.

Watu walichimba. Mpaka wale tuliokuwa tumegombana nao juu ya mpaka wa mashimo waliacha kazi zao wakaja. Walishuka zamu kwa zamu, na akina mama wakapitisha ndoo za udongo kwa mstari, na mama yako katika mstari huo, hakuna aliyeweza kumtoa. Tulichimba mchana na usiku mpaka nikasahau kutofautisha. Kisha mvua ikaja. Maji yakaanza kujaa chini haraka kuliko tulivyoweza kuyatoa, na ukuta wa upande wa mto ukapasuka. Mwita, yule Mkuria wa Ntimaru aliyekuwa akikuletea ndizi ulipokuwa mdogo, alikuwa chini kipande cha ukuta kilipotoka. Wakamtoa na mguu umegeuka.

Mzee wa machimbo akanijia, akaniita pembeni. "Odongo, sisi ni watu wa kuchimba. Ukisema chimbeni, tutachimba. Lakini huu ukuta unakuja. Neno ni lako, wewe ndiye mwenye mtu."

Niliwatazama waliokuwa tayari kushuka. Walikuwa watatu, kamba zimeshafungwa viunoni. Mmoja alikuwa anatafuna ndizi ya Mwita, anatafuna polepole huku akilitazama shimo. Nilimjua mama yake.

Nikasema, "Basi."

Nimeishi kwa maneno mengi, Akeyo, na hilo moja dogo ndilo watu wamelikumbuka. Ulipofika kutoka shule ulikuta wanaume wameketi chini, majembe yamelala, ukauliza mbona hawachimbi. Ulizunguka ukimuuliza mmoja mmoja. Nilikuona. Nilikwenda nyuma ya krasha.

Unataka kujua kama nilikosea. Nami nataka. Nikimwona Mwita anavyochechemea na mtoto wake mgongoni, nasema nilifanya vizuri. Nikikuona wewe, nasema nilifanya vibaya. Nikiwa peke yangu sina jibu, ndiyo maana sipendi kuwa peke yangu. Mchungaji aliniambia nimwachie Mungu. Nilimwachia. Asubuhi nikakuta amenirudishia.

Kosa ninalolijua bila kubahatisha ni lingine. Tangu siku ile sikunyamaza. Matangani nilisimulia, sokoni nikasimulia, ukija likizo nikakupokea na hadithi mlangoni kabla hujaweka begi chini. Nilidhani maneno ni kama yale magogo tunayokaza kwenye kuta za shimo, ukiyaondoa kila kitu kinashuka. Kumbe nilikuwa nimekufungia wewe nje. Mtoto akitaka kumlilia baba yake anahitaji mtu anayeweza kukaa kimya karibu naye, nami sikuwa mtu huyo. Ukajifunza kulia kwingine. Sijui ni wapi. Sikuwahi kuuliza.

Sasa nikurudishe kwenye dirisha.

Siku ya pili nilirudi kutoka Nairobi na beringi imefungwa kwenye taulo mapajani, sikukubali waitie kwenye mizigo. Nilikuwa nimeshajifunza, nikaenda nyuma kabisa. Nikakaa kulia, kwa sababu ukirudi mambo yanageuka, kilichokuwa kushoto kinakuja kulia. Usilisahau hilo siku ya kurudi. Tulipotoka Kabunde nilianza kungoja Masara kama mtu anayengoja kuona nyumba yake.

Ardhi ile nimeifanyia kazi tangu sina ndevu. Ukinifunga kitambaa machoni nitakupeleka kwenye shimo letu kwa miguu, nitakuambia hapa kuna kisiki, hapa ruka mfereji. Nilikuwa na hakika kwamba kutoka juu nitaliona kaburi la ndugu yangu, lile lenyewe, na nitalisalimu, na pengine nitapumzika.

Masara ikaja. Nyekundu, imetobolewa kama mbao iliyoliwa na mchwa. Maturubai ya bluu, mabati, vidimbwi vya maji ya kijivu. Mashimo mamia, Akeyo, na yote yamefanana. Nikaweka kidole kwenye kioo, nikasema hili. Nikasogeza, nikasema hapana, lile. Nikatafuta krasha, nikaona krasha nyingi. Nikatafuta mti, kumbe miti tulikuwa tumeshaikata yote tukakazia kuta.

Bwana mmoja aliyeketi kando yangu, mtu wa Rongo mwenye gazeti, akauliza, "Unatafuta nini, mzee?"

"Ndugu yangu. Yuko hapa chini."

"Ah. Basi atakuwa amekuona yeye. Ndege huonekana vizuri kutoka chini kuliko watu kutoka juu."

Alisema kwa wema tu. Nikamshukuru. Masara ikapita chini ya mkia, nikatapika ndani ya ile karatasi yao, nikasema ni hewa. Tuliposhuka watu wa krasha walikuwa uwanjani wakinisubiri kwa pikipiki, wakisema, "Rubani, hebu tuambie, umeona nini?" Nikaanza na samaki.

Kwa hivyo nisikudanganye. Ukikaa kushoto, Magunga hutaiona. Iko mbali, ng'ambo ya Lambwe, saa zile ni mstari mmoja wa rangi ya moshi. Nyumba ya nyanya yako, ule msalaba wa kaburini, hakuna kinachoonekana kutoka hapo. Na shimo hutalijua. Tangu nilipopita, wamemwaga juu yake mchanga wa krasha, hata hapa chini limebaki kama upele uliopona. Tunaolijua tumebaki wachache, wengine wamehama, wengine pia wamemezwa na mashimo yao.

Mama yako aliniuliza basi lipo, ndege ni ya nini. Nikajitapa kwamba mtoto wa Opiyo hawezi kutoka nchi hii kama gunia la omena. Akaguna tu. Ukweli ni kwamba basi linashika Rongo na Kisii, linaipa Masara mgongo tangu mwanzo. Nilitaka upite juu yake, hata kama ni kwa dakika chache tu. Ulisema huwezi kuaga tunda. Nimefikiri sana juu ya hilo, na sina neno la kukupinga. Ulikuwa mtoto, ulitaka baba, tukakupa yago. Basi nimekuletea mahali penyewe, kwa njia niliyoiweza.

Lakini mimi siye nitakayekuambia ukae wapi. Niliwahi kusema neno kwa niaba yako ukiwa shuleni, na hilo limetosha. Ukiona kwamba kuondoka ni kuzito tayari, na kwamba ukiyaona yale mashimo utafika kwa wenyeji wako umevunjika, kaa kulia. Tazama miwa. Vilima vile vya Kisii ni vizuri kweli, hilo sikulitunga, watu wa ndege zote wanavipenda. Hakuna atakayekulaumu, na mimi sitajua.

Mama yako atakuambia kesho kwamba nimekataa kuja uwanjani, na atakuwa na hasira. Shangazi zako watasema Odongo anajificha. Waache. Siwezi kuwa Lichota na mahali pengine kwa wakati mmoja, ingawa nimewahi kusema naweza.

Leo jioni nimenunua bati moja jipya pale kwa muuza vifaa, lile la kung'aa, ambalo halijapigwa msumari. Mwita amenisaidia kulibeba. Aliuliza nataka kuezeka nini, nikamwambia, naye akaketi juu ya jiwe, halafu akasema kesho atakuja kushika upande wa pili, maana upepo wa asubuhi ni mkali na bati ni kubwa kwa mtu mmoja. Tumeshakwenda mpaka pale. Tumeondoa mchanga mahali pa kusimama, hapo hasa kamba ilipokuwa ikishukia.

Jua la asubuhi litakuwa upande wenu, ndege na jua mtakuwa mmetoka njia moja, kwa hivyo bati likiinamishwa kidogo litakurudishieni mwanga. Nimejaribu leo kwa kipande kidogo, nikampiga kwa mwanga wake machoni yule muuza chai ng'ambo ya barabara mpaka akanitukana. Utaona mabati mengi yaking'aa Masara, kila kibanda kina lake, lakini hayo yametulia. Langu litatikisika. Ukiona mwanga unaowaka na kuzima, unawaka na kuzima, hapo ndipo alipo Opiyo. Si karibu na hapo. Hapo.

Kukiwa na mawingu, hutaona kitu. Hilo siwezi kulirekebisha.

Sikuombi unisamehe, wala sikuombi upunge mkono, kioo ni kidogo na mimi sitakuona. Ukitaka kumwambia baba yako neno, mwambie yeye, mimi nitakuwa nimesimama tu juu yake nimenyamaza, Mwita ni shahidi. Tutaisikia ndege kabla hatujaiona. Sitajua umekaa upande gani. Tutalitikisa bati hata hivyo, mpaka sauti ya injini iishe kabisa.

Baba yako mdogo,
Odongo